Ukimya wa Dhahabu: Kumbukumbu za Metali Tatu kutoka Uvira

Shaba, fedha na dhahabu ni metali za ukoo mmoja. Katika jedwali la elementi, yaani mpangilio unaoweka pamoja vitu vya asili ambavyo kemia haiwezi kuvigawanya tena vikawa vitu vingine, zimesimama katika safu moja, safu ya 11, shaba juu kwa namba 29, fedha katikati kwa namba 47, na dhahabu chini kwa namba 79, na kila namba hutaja idadi ya protoni, zile chembe zenye chaji chanya, zilizomo katika kiini cha atomu. Mjini Uvira na katika ufuko wote wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ukoo huu una uzito ambao vitabu vya shule haviutaji, kwa kuwa dhahabu ya milima ya Fizi hupita hapa ikielekea ng'ambo, na tangu bei ya aunsi moja, ambayo ni gramu 31.1, ilipovuka dola 4,000 za Marekani mnamo Oktoba 2025, habari zake zimeingia hadi madarasani. Pamoja na dhahabu huja zebaki, metali ya majimaji inayotumika kuikamata, na zebaki ndiyo sababu ya kumbukumbu hizi kuandikwa sasa.

Mwandishi wa makala haya, ambaye amefundisha kemia Uvira kwa sehemu kubwa ya maisha yake, aliulizwa na mwanafunzi aliyekuja darasani na kichupa cha zebaki mfukoni kama kilichomo hakikuwa fedha iliyoyeyuka. Kichupa kilitoka nyumbani kwao, ambako kilikaa juu ya kabati la vyombo. Swali lilikuwa la haki, kwa sababu zebaki hung'aa kama fedha na hata baadhi ya lugha za Ulaya huiita fedha hai, lakini jibu lake halikutosha katika sentensi moja: zebaki, yenye namba 80, ni jirani wa dhahabu katika jedwali, wala si ndugu wa fedha, na kueleza tofauti iliyopo kati ya jirani na ndugu kulimrudisha mwalimu nyuma miaka mingi, hadi nyumbani kwa bibi yake.

Undugu wa metali hizi umo katika elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi ambazo hukizunguka kiini. Kila moja ya metali hizi tatu ina elektroni moja tu katika tabaka la nje kabisa, na chini ya hiyo lipo kundi la elektroni 10 lililojaa pasipo nafasi hata moja. Sodiamu nayo ina elektroni moja ya nje, na ikitupwa majini hufoka na kuwaka. Mtu angeweza kudhani kwamba shaba ingefanya vivyo hivyo, ila sufuria za shaba zimechemsha maji kwa maelfu ya miaka bila madhara. Tofauti inatokana na zile elektroni 10, ambazo hazikizibi kiini vizuri, hivyo mvuto wake hupenya hadi nje na kuishika ile elektroni ya mwisho kwa nguvu. Kwa hiyo metali hizi hazikimbilii kuungana na hewa wala maji, na hilo ndilo lililozifanya kuwa metali za sarafu tangu kale. Na ndani ya kipande cha metali elektroni hiyohiyo husafiri kwa urahisi kutoka atomu hadi atomu, kiasi kwamba katika kupitisha umeme fedha ni ya kwanza miongoni mwa metali zote, shaba ya pili, dhahabu ya tatu.

Bibi huyo alivaa vitindi, yaani bangili za waya wa shaba uliozungushwa mkononi mara nyingi, urithi wa enzi ambazo misafara ilileta nyaya za shaba, shanga na nguo hadi ufuko huu ambao Richard Burton na John Speke waliufikia kwa mitumbwi mnamo Aprili 1858. Kila mkesha wa sikukuu alivisugua kwa ndimu, kisha kwa majivu, na mjukuu aliyepewa kazi ya kumwagia maji aliona yakitiririka yakiwa na rangi ya kijani hafifu. Hakuna aliyemweleza wakati huo kwamba shaba ikikaa hewani hujivika kwanza oksidi, yaani ganda la rangi ya kahawia linalotokana na oksijeni, na kwamba penye unyevu ganda hilo hugeuka polepole kuwa kaboneti ya kijani, ambayo tindikali ya ndimu huiyeyusha na majivu husugua mabaki yake. Kijani hicho ni cha nasaba moja na malakiti, jiwe la Katanga ambalo wahunzi wa kale waliliyeyusha kwa makaa ya miti wakapata shaba ya kumimina misalaba iliyotumika kama pesa, katika nchi ambayo baadaye, kati ya 1971 na 1997, iliitwa rasmi mkoa wa Shaba, kwa neno la Kiswahili. Mtoto alijifunza bila maneno kwamba shaba hujibu: hewa ikiisemesha hujibu, ndimu ikiisemesha hujibu, na hata jasho la mkono wa bibi lilijibiwa kwa alama ya kijani kwenye ngozi.

Kiswahili huiita shaba pia metali ya njano inayopatikana kwa kuchanganya shaba na zinki, na mchanganyiko huo wa majina utarudi tena katika kumbukumbu hizi kwa uchungu.

Mwaka 1983, katika shule ya sekondari aliyosoma mjukuu huyo, yenye maabara ya kabati moja, mwalimu mmoja alitumbukiza msumari katika maji ya salfeti ya shaba, chumvi ya buluu ambayo wakulima wengine huichanganya na chokaa kuzuia ukungu wa mimea, na baada ya dakika chache msumari ukatoka umevaa shaba. Kisha alichukua matone machache ya nitrati ya fedha, kemikali aliyoitunza kama dawa ya mgonjwa, akaning'iniza ndani yake waya mwembamba wa shaba, na mbele ya macho ya darasa zima waya ukaota manyoya meupe ya fedha huku maji yakigeuka buluu. Chuma kilikuwa kimeipa shaba elektroni zake, na shaba ikazitoa zake kwa fedha. Wanakemia hupima mpangilio huo kwa volti, yaani kwa nguvu ya ioni, atomu iliyopoteza elektroni, kuzirudisha elektroni na kuwa metali tena: shaba ina 0.34, fedha 0.80, dhahabu karibu 1.50. Kadiri namba inavyopanda ndivyo metali inavyopenda kubaki metali. Dhahabu yenyewe haikuonyeshwa, kwa kuwa shule haikuwa nayo, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika mkoa ambao dhahabu yake imechimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, wanafunzi walimaliza kemia bila kuona hata chembe yake ikifanyiwa jaribio.

Likizo za miaka hiyo kijana alizitumia katika studio ya picha, ambako ndani ya chumba cha giza chenye taa nyekundu alijifunza habari za fedha zaidi kuliko shuleni. Karatasi ya picha hupakwa bromidi ya fedha, chumvi ambayo mwanga huiamsha. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha halisi, iliyo nyeusi kwa sababu ya udogo wa vipande vyake, na dawa ya pili huondoa chumvi iliyobaki. Kila harusi na kila ubatizo wa miaka ile umehifadhiwa kwa fedha. Mwenye studio aliimwaga ile dawa ya pili uani kila jioni pasipo kujua kwamba alikuwa akimwaga fedha iliyoyeyuka ndani yake, naye kijana hakujua vilevile.

Fedha ina adui mmoja ambaye dhahabu haimwogopi, naye ni salfa, inayoifunika kwa salfidi nyeusi. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, limejaa adui huyo: maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, hayana oksijeni, na yana haidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya yai bovu. Riale, sarafu ya fedha, iliyozama huko wakati wa misafara haiwezi kuwa nyeupe leo.

Baada ya serikali ya Zaire kuruhusu wananchi kuchimba dhahabu mwaka 1982, maduka ya kuinunua yaliongezeka, na kijana aliyekuwa amemaliza masomo akapata kazi ya kuandika hesabu katika mojawapo. Juu ya meza palikuwa na mizani ya sahani mbili, na vijiti vya kiberiti vilitumika kama mawe ya kupimia vumbi dogo. Palikuwa pia na jiwe jeusi, laini kama ubao wa shule, ambalo dhahabu ilisuguliwa juu yake ikaacha mstari, na mstari ukatiwa tone la asidi ya nitriki. Siku moja alifika mtu kwa boti kutoka upande wa Baraka, akafungua kitambaa chenye vumbi la njano alilolipokea kama malipo ya ng'ombe wawili. Tone lilipoliangukia lilichemka na kutoa povu la kijani. Ilikuwa shaba ya njano, iliyokerezwa kwa tupa. Mnunuzi hakusema lolote, akaisogeza sahani mbele ya mwenyewe, na yule mtu akakaa muda mrefu akikitazama kitambaa kana kwamba rangi ingebadilika.

Jambo lililobaki akilini mwa mwandishi ni kwamba dhahabu hutambuliwa kwa kutojibu. Shaba huchemka katika asidi ya nitriki, fedha huyeyuka ndani yake kimya na kuacha maji yasiyo na rangi, lakini mstari wa dhahabu safi hubaki kama ulivyochorwa. Asidi ya nitriki peke yake haiwezi kuiondoa elektroni ya dhahabu, na asidi ya haidrokloriki peke yake haiwezi pia. Zikichanganywa tu, moja ikiondoa elektroni na nyingine ikiizunguka ioni kwa klorini ili isirudi nyuma, ndipo dhahabu inapoyeyuka. Ndivyo mwanakemia George de Hevesy alivyozificha medali mbili za Nobel mjini Copenhagen mwaka 1940, akiziyeyusha katika mchanganyiko huo wakati wanajeshi wa Ujerumani wakiingia mjini. Chupa zilikaa rafuni hadi vita vikaisha, dhahabu ikarudishwa kutoka kwenye maji, na medali zikafuliwa upya.

Sababu ya ukaidi huo, na ya ile rangi ya njano, ni nzito kuliko inavyofundishwa katika sekondari, lakini yafaa itajwe. Kiini chenye protoni 79 kina mvuto mkubwa kiasi kwamba elektroni zilizo karibu nacho kabisa huenda kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga, na katika mwendo wa namna hiyo, kama nadharia ya Einstein inavyoeleza, elektroni huwa nzito zaidi na njia yake hujikunja karibu na kiini. Mabadiliko hayo hufika hadi elektroni ya nje, ambayo huvutwa ndani na kushikwa kwa nguvu kuliko ile ya fedha, na tofauti ya nishati kati yake na zile elektroni 10 hupungua hadi metali inaanza kuumeza mwanga wa buluu na kuurudisha wa njano. Kama si hilo, dhahabu ingekuwa nyeupe kama dada yake.

Duka lilikuwa na sonara katika chumba cha nyuma. Huyo alijua undugu wa metali hizi kwa vidole: dhahabu safi, ya karati 24, ni laini mno kwa pete, kwa hiyo ya karati 18 ina sehemu 75 kwa mia za dhahabu, na zilizobaki huwa fedha na shaba, shaba ikizidi pete inakuwa nyekundu, fedha ikizidi inapauka. Ukoo mzima hukutana katika kidole kimoja. Alipounganisha vipande alinyunyiza boraksi, unga mweupe unaoyeyusha uchafu wa juu ili metali ishikane, na unga huo utahitajika tena baadaye.

Oktoba 1996 vita vilifika Uvira, na familia ya mwandishi ilivuka ziwa hadi Kigoma. Usiku wa kuondoka mama alizika uani chungu chenye vitindi vya bibi vilivyofungwa kwa kitambaa, na pembeni mwa vitindi akaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichofungwa pande zote mbili, ndani yake riale moja ya kale ya fedha na pete yake ya ndoa. Mpira ulichaguliwa kwa sababu hauingizi maji. Chungu kilipofukuliwa miaka mitatu baadaye vitindi vilikuwa kijani kama jani la mgomba. Riale ilikuwa nyeusi kiasi kwamba sura ya malkia aliyechorwa juu yake haikuonekana, kwa kuwa mpira wa magurudumu huimarishwa kwa salfa, na aliyetaka kuilinda fedha dhidi ya maji alikuwa ameifungia pamoja na adui yake. Nayo pete, yenye dhahabu nyingi, ilihitaji kupanguswa kwa upindo wa kanga tu. Mama alilia alipoiona. Mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu, hajapata kuona somo la safu ya 11 likielezwa vizuri zaidi ya hapo katika kitabu chochote.

Yanayofuata ni magumu kuyaandika. Mwaka 2004 mwalimu alisafiri hadi machimbo ya karibu na Misisi, kusini mwa Fizi, kumtafuta ndugu aliyeacha shule, akapokewa katika nyumba ya mama mmoja aliyeishi kwa kununua mchanga wenye dhahabu na kuusafisha. Hapo ndipo ukimya wa dhahabu unapodai gharama. Kwa kuwa haijibu maji wala tindikali za kawaida, vumbi lake jembamba haliwezi kuitwa litoke mchangani kama shaba inavyoitwa kwa moto kutoka katika malakiti. Lakini metali huyeyuka katika metali, na zebaki ikikorogwa na mchanga uliooshwa huyakumbatia mavumbi hayo na kufanya amalgamu, donge laini la rangi ya fedha. Donge hupashwa moto. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za selsiasi na kuondoka kama mvuke usioonekana wala kunusika, na dhahabu, ambayo huhitaji nyuzi 1,064 ili iyeyuke tu, hubaki. Mara nyingi hupotea gramu moja au zaidi ya zebaki kwa kila gramu ya dhahabu.

Yule mama alilichoma donge juu ya kikaango, katika jiko lilelile lililopikiwa ugali, na watoto wawili wakiwa wameegemea magoti yake ili waone njano ikitokea. Mwalimu alijua. Alijua kwamba mvuke huo huingia kwenye damu kupitia mapafu, hufika kwenye ubongo na figo, hutetemesha mikono, na humdhuru mtoto aliye tumboni; alijua na akanyamaza, kwa sababu alikuwa mgeni, kwa sababu chakula kilikuwa kimeandaliwa kwa heshima yake, na kwa sababu hakujua angempa yule mama njia gani nyingine ya kuishi. Kati ya makosa yake ya ualimu, hilo ndilo asiloweza kujisamehe.

Baadhi ya mito ya milima ile huelekea magharibi, Lualaba, na mtu angeweza kujifariji kwamba ziwa limesalimika. Mvuke haufuati mito. Hupaa, huchukuliwa na upepo, hurudi na mvua, na kwenye tope lisilo na oksijeni bakteria huugeuza kuwa zebaki ya methili, sumu ambayo viumbe huitoa mwilini polepole mno, hivyo huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine, kutoka kwa ndagala hadi kwa mukeke, na kutoka kwa mukeke hadi kwa samaki wakubwa wanaouzwa katika bandari ya Kalundu. Wavuvi wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo ulitambuliwa mwaka 1956, walianza kuona paka wao wakiyumba na kuanguka. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo, ulioanza kutumika Agosti 2017, unataja mambo ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo wa dhahabu: kumwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa, kuchoma amalgamu hewani wazi, kuichoma penye makazi ya watu, na kutia sayanidi katika mabaki yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Sayanidi, inayotumiwa na migodi mikubwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, huiyeyusha dhahabu kwa msaada wa oksijeni ya hewa, na ikikutana na zebaki huiyeyusha pia na kuisambaza zaidi.

Njia nyingine zipo, na mwaka 2004 zilikuwapo tayari. Chombo kilichofungwa, chenye bomba linalopita katika maji baridi, huurudisha mvuke kuwa zebaki inayoweza kutumika tena, na hivyo humpunguzia gharama aliyeinunua. Baadhi ya wachimbaji wa kaskazini mwa Ufilipino wameacha zebaki kabisa: huosha mchanga mpaka yabaki madini mazito peke yake, kisha huyayeyusha pamoja na boraksi, unga uleule wa sonara, ambao hufanya uchafu uyeyuke kwa urahisi na kuelea, na dhahabu ikazama chini. Boraksi si kitu kigeni kwa masonara wa Uvira.

Walimu wa kemia wa Uvira, Baraka na Fizi wanaombwa wasisubiri maabara wala vitabu vipya. Kitindi, riale na pete zinapatikana katika nyumba nyingi za ufuko huu, na somo linaweza kuanza nazo wiki hii, lakini lisiishie kwenye pete. Lifike kwenye kikaango, nalo lisemwe kwa wazazi kama linavyosemwa kwa watoto. Wenye maduka ya dhahabu wanaombwa wasichome amalgamu katika vyumba ambamo watu wanaishi. Mwanafunzi aliyeuliza swali amelipata jibu lake, amelipeleka nyumbani, na mama yake alikuja shuleni mwenyewe kuuliza mengine. Kichupa kimewekwa ndani ya chupa nyingine yenye maji, kikafungiwa katika kabati la maabara.